Katika Nyumba Zetu: Safari ya Theluji na Hesabu Yake



Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo zamani halikuwa likisikika katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, lakini siku hizi lasikika sana, nalo ni safari ya mapumziko ya kwenda kuona theluji. Watoto wamewaona katika simu watu wa nchi za baridi wakiteleza mlimani kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, mchezo uitwao skii, nao huwauliza wazazi wao: "Sisi tutakwenda lini?" Mzazi mmoja hucheka akasema hayo si mambo yetu. Mwingine, mwenye duka na safari zake za Dubai, huona haya kukataa, akaahidi jambo asilolipima. Wote wawili hawakumjibu mtoto. Swali lake ni jema, nalo lastahili jibu lenye hesabu.

Kusafiri na kutazama alivyoumba Mwenyezi Mungu ni jambo linalopendeza katika dini yetu, maadamu nia ni njema na mali ni ya halali. Wala theluji si kitu kigeni katika nchi hii. Tarehe 11 Mei 1848 padre wa Kijerumani, Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipouliza weupe ule ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Huko Uingereza wakatokea wataalamu waliomkadhibisha kwa miaka, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga waliokuwa wakiishi chini ya mlima, na watu wa misafara waliokuwa wakipita hapo, hawakuhitaji kuamuliwa na London.

Basi atakaye kupanga safari hii na aanze kwa kujua ni theluji gani anayoitaka, kwani hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Theluji ya Kilimanjaro iko juu sana. Kilele cha Uhuru, katika Kibo, kina mita 5,895. Ni kweli kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakatumia skii katika kuteremka, na kipande kimoja cha barafu huko juu hata leo kinaitwa kwa jina la Furtwängler. Lakini wataalamu waliopima barafu ya mlima huo wameona kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 sehemu kama 85 katika kila 100 zilitoweka. Iliyosalia ni kuta na vipande vilivyotengana, pamoja na theluji mpya inayoanguka na kuyeyuka. Hakuna uwanja wa skii Kilimanjaro. Watu huenda kule kupanda kwa miguu. Mtu akikuuzia skii ya Kilimanjaro, jua amekuuzia maneno.

Theluji ya Dubai ni ya namna nyingine. Huko liko jumba liitwalo Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, lililofunguliwa mwaka 2005. Ukubwa wake ni mita za mraba zipatazo 22,500, na njia yake ndefu kuliko zote ya kutelezea ina mita 400 hivi. Theluji hutengenezwa kwa mitambo, na baridi huwekwa kiasi cha nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, hali jangwa nje lawaka. Mtoto anaweza kuigusa theluji hiyo na jioni akarudi kulala mahali penye joto. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huenda Dubai kununua bidhaa, na ndege hutoka Dar es Salaam moja kwa moja. Ikiwa baba au mama huenda huko kwa biashara, huenda ikawa rahisi zaidi kungoja likizo ya shule na kuchukua jamaa katika safari moja kama hizo kuliko kufunga safari ya pekee. Lakini viza na itangulie malipo yasiyorudishwa, na pasi za watu wote zitazamwe mapema, kwa kuwa pasi iliyobakiza muda mfupi huwarudisha watu uwanjani.

Ama theluji ya milima ya Wazungu, na ya Uturuki na Moroko walipo ndugu zetu Waislamu wenye skii zao, hiyo ni safari ya gharama kubwa zaidi, nasi hatutaieleza leo. Anayejua kupanga safari ya karibu hatashindwa na ya mbali.

Sasa tuje kwenye hesabu.

La kwanza ni wakati. Shule zetu hufunga katika Juni na katika Desemba. Mlimani, miezi mizuri ni ile ya ukavu: kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari hadi mapema Machi. Masika ya Machi, Aprili na Mei hutia njia matope na hufunika mlima kwa mawingu. Nayo mvua ya vuli huweza kuingia Desemba. Kwa hiyo kwa wenye watoto wa shule, likizo ya Juni ndiyo inayoafikiana na mlima, ingawa baridi yake ni kali. Vilevile tazameni kalenda ya Hijria kabla ya kuweka tarehe, ili safari isiangukie katika Ramadhani wala kuwanyima wazee Idi ya pamoja.

La pili ni mali. Andikeni katika daftari kila kitu kwa jina lake: nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya Moshi, ada ya hifadhi kwa kila siku, ada ya vibanda vya kulala au ya kambi, ada ya uokoaji, ujira wa kiongozi, mpishi na wapagazi, chakula, kukodi nguo, bakshishi, na akiba ya dharura. Mtanzania hutozwa ada ndogo sana ya hifadhi kuliko mgeni, naye hulipa kwa shilingi, basi vitambulisho vya Taifa visisahauliwe nyumbani. Kisha jumlisheni, mkagawe kwa miezi iliyobaki. Tuseme jumla imefika shilingi 2,400,000 na mwaka mzima umebaki. Kila mwezi yatakiwa 200,000. Je, nyumba inaweza kuweka fedha hizo bila kupunguza ada ya shule, dawa ya bibi, na haki ya anayetudai? Ikiwa yaweza, wekeni kibubu au mchezo wa kupeana na watu mnaowaamini. Ikiwa haiwezi, safari isogezwe mwaka mwingine. Hakuna aibu katika hilo.

Aibu iko katika kukopa. Twasikia juu ya mikopo ya haraka ya simu, na ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mwenye kwenda kupumzika kwa fedha ya riba harudi amepumzika. Atarudi na picha za theluji, na mwezi utakapokwisha atagonga mlangoni mtu asiyetaka kuziona.

La tatu ni mkataba. Kilimanjaro haipandwi bila kiongozi mwenye leseni, na kampuni inayopeleka watu sharti iwe na leseni ya biashara ya utalii. Ombeni kuiona. Msitosheke na picha nzuri na namba ya simu. Ada za hifadhi hulipwa Serikalini kwa namba maalumu ya malipo. Ombeni stakabadhi yake yenye majina yenu. Kampuni iandike: siku ngapi, njia ipi, watu wangapi watakaofuatana nanyi, nini kimo ndani ya bei na nini hakimo, na mtu akiugua au akighairi atarudishiwa nini.

Hapa pana jambo la dini lisilofaa kupitwa. Kampuni nyingi hutaka arbuni. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya arbuni inayopotea mnunuzi akighairi: wengi wameikataa, na Imamu Ahmad bin Hanbal ameijuzisha. Anayetaka usalama wa dini yake na wa fedha yake aseme mapema kwamba fedha anayotanguliza ni sehemu ya bei, na iandikwe ni kiasi gani kitakatwa kwa gharama iliyokwisha kufanyika na ni kiasi gani kitarudi. Ugomvi mwingi huanza pale watu walipooneana haya kuandika.

La nne ni mwili. Sisi wa Gerezani twaishi karibu sawa na bahari, na vifua vyetu vimezoea hewa nzito. Kileleni, oksijeni anayoipata mtu kwa kila pumzi ni kama nusu ya anayoipata pwani. Katika njia ya Marangu watu hulala Mandara, karibu mita 2,700. Kisha Horombo, 3,700. Kisha Kibo, 4,700. Tazameni: kila siku mita 1,000. Nao madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na apate siku za kutulia. Kwa sababu hiyo siku moja zaidi pale Horombo si anasa. Safari ya siku 5 ni rahisi kwa mfuko, na ya siku 6 ni rahisi kwa kifua. Njia ndefu, kama ya Lemosho ya siku 7 au 8, ni bora kuliko zote mbili kwa mwenye uwezo.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula ni onyo: mtu asipande zaidi mpaka apone. Lakini akihema hali amekaa, akakohoa mapovu, akayumba kama mlevi au akaanza kusema maneno yasiyopangika, ateremshwe mara hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kilele kiko karibu. Vijana, sikieni hili vizuri: ujasiri haumponyi mtu maradhi haya. Wenye nguvu na mbio huugua pia, na pengine huwahi kuugua kwa sababu ya mbio zao.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende huko juu. Kukosa hewa na baridi huweza kumletea maumivu makali na hatari ya maisha. Hata aliyerithi chembe za selimundu bila ya kuugua aonane na daktari kwanza. Kadhalika mwenye mimba, mwenye moyo au pumu, na mzee. Watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda kileleni. Basi jamaa nzima haiwezi kupanda pamoja, na ni bora kulijua hilo nyumbani kuliko langoni. Wenye afya na waende juu. Wadogo na wazee wabaki Moshi, wakautazame mlima alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na siku moja watembee pamoja na kiongozi katika msitu wa Marangu kwa kadiri ya nguvu zao, warudi jioni. Na ikiwa shabaha yenyewe ni mtoto mdogo aguse theluji, basi Kilimanjaro si mahali pake, na jumba la Dubai laweza kumfaa zaidi.

La tano ni nguo. Katika mitumba ya Karume, hapo jirani yetu, hupatikana makoti, sweta za sufu na soksi nene kwa bei ya haki. Nunueni nguo nyingi nyepesi za kuvaliwa moja juu ya moja, na ya juu kabisa iwe ya kuzuia maji na upepo. Jinzi na fulana za pamba ziacheni. Zikilowa jasho hazikauki, na juu huko usiku baridi huweza kufika nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Viatu vivaliwe mwezi mzima kabla ya safari. Viatu vipya huweza kumrudisha mtu njiani. Dada zetu wataona kwamba kwa mambo ya stara mlima hauna taabu. Kila mtu hujifunika mpaka puani. Lakini mahali pa kulala paulizwe mapema, kwa sababu vibandani, na hasa Kibo, watu hulazwa wengi katika chumba kimoja. Ombeni chumba cha jamaa au chumba cha wanawake, na kiandikwe katika mkataba, pamoja na nyama ya halali.

La sita ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike safu hii.

Mkishapata bei za kampuni tatu au nne mtaona kwamba moja ni rahisi kuliko zote. Jiulizeni urahisi huo umetoka wapi. Ada ya Serikali ni ile ile kwa kila kampuni. Nauli ni ile ile. Mchele na mafuta hununuliwa katika masoko yale yale. Kinachoweza kupunguzwa ni ujira wa mpagazi, chakula chake, na idadi ya wenzake wa kugawana nao mzigo. Yeye ndiye anayechukua hema, majiko, maji na mikoba yetu, akatutangulia, ili tukifika tukute chai imechemka. Mzigo aliopangiwa hautakiwi kuzidi kilo 20. Wapo wanaochukua zaidi, wenye viatu vilivyotoboka, wanaolala bila blanketi la kutosha na kula mara moja kwa siku. Na baridi ya huko haimtofautishi aliyelipa na aliyelipwa.

Sisi wa mitaa hii tungefaa kuwa watu wa kwanza kuliona jambo hili. Jina la Kariakoo limetoka wapi kama si kwa wapagazi? Katika Vita Kuu ya kwanza, baada ya Waingereza kuuteka mji huu mwaka 1916, wachukuzi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapa, na jina lile la kigeni likageuka ndimini likawa Kariakoo. Walichukua mizigo ya vita visivyo vyao. Wakafa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, hata hesabu yao kamili haikuandikwa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawataja pia wachukuzi katika maandishi yake. Yule anayeishi katika mtaa uliopewa jina la watu hao, akaenda mlimani akamtweza mpagazi, amesahau anuani yake mwenyewe.

Basi kabla ya kulipa ulizeni maswali manne, na majibu yaandikwe. Mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, naye anapokea lini? Anakula mara ngapi? Analala wapi? Nani huupima mzigo wake, na mahali gani? Kampuni yenye haki itajibu bila kukasirika. Inayokasirika imekwisha kujibu. Na bakshishi itolewe mbele ya wote, kila mtu mkononi mwake, siku ile ile ya kuteremka. Waislamu wote tumefundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na huko juu, ndugu zangu, jasho hukauka upesi sana.

Baada ya hayo, ibada. Msafiri ameruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne na kuzikusanya, kwa masharti yanayojulikana. Aliyevaa khofu hali ana udhu aweza kupaka juu yake siku tatu na masiku yake akiwa safarini. Mwenye viatu vya mlimani vifikavyo juu ya vifundo na amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka kama vyatimiza masharti. Yule ambaye maji ya baridi yatamdhuru, wala hana njia ya kuyapasha moto, ana ruhusa ya kutayamamu. Amr bin al-Aas alifanya hivyo katika usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhatu Salaasil, akawasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alicheka wala hakumkemea. Kibla cha Kilimanjaro ni kaskazini, kama kilivyo cha nyumbani. Wanaokwenda Dubai wakumbuke kwamba huko Makka iko upande wa magharibi, kuelekea kusini kidogo.

Kwa ufupi, safari hii huanza mezani pa nyumbani. Keti na mkeo na watoto, fungueni daftari, kila mmoja apewe kazi: mmoja kuuliza nauli katika stendi ya Magufuli kule Mbezi, mmoja kukusanya bei za kampuni, mmoja kutafuta nguo, na mama au baba kushika fedha. Mtoto aliyeshirikishwa katika hesabu hatalia safari ikiahirishwa, kwa kuwa ameona mwenyewe sababu. Na huenda siku moja yeye ndiye atakayekuwa mwenye kampuni, na wapagazi wakawa mikononi mwake.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, aturudishe majumbani salama, wala asitufanye kuwa sababu ya dhiki ya mtu mwingine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.